Benjamin Franklin: mtu aliyeitafutia radi njia



Sisi tuliozaliwa juu ya uwanda wa Ufipa tunaijua radi mapema kuliko kusoma. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, katikati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na sehemu kubwa ya nchi yetu ni nyasi tupu. Mtu anayerudi shambani mvua ikiwa imemkaribia mara nyingi ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyomzunguka. Mama zetu walifunika vioo kwa kanga, wakatuvua nguo nyekundu, wakatukalisha mbali na mlango. Na jina la mji wetu, Sumbawanga, wazee hulieleza kuwa ni amri ya kutupa uwanga, yaani uchawi. Watu wa mikoa mingine wakisikia tunakotoka hutania kwamba tunatumiana radi kama wengine wanavyotumiana ujumbe wa simu. Tunacheka nao, lakini si kila mara.

Likizo moja ya Noeli tulikuwa mafrateri wawili nyumbani, na katika kigango kimoja cha parokia yetu radi ilimuua baba wa watoto wanne akiwa ameketi jikoni. Paroko alikuwa kigango cha mbali, kwa hiyo katekista akaongoza mazishi, nasi tukasoma masomo. Baada ya kuzika hakuna aliyeuliza radi ni nini. Swali lilikuwa moja: nani ameituma. Kabla ya jioni jina la mama mmoja mjane, jirani wa marehemu, lilikuwa limeshazunguka matangani.

Tuliombwa tuseme neno, tukasema la shuleni: radi ni moto wa mawinguni, ni jambo la asili, haitumwi na mtu. Mzee mmoja, aliyekuwa katekista kabla ya huyu wa sasa, alitusikiliza kwa heshima, kisha akatuuliza kama ni moto, mbona paa la nyasi halikuungua. Marehemu alikuwa chini ya paa lile. Moto gani unaomuua mtu na kuacha nyasi kavu za juu ya kichwa chake? Hatukuwa na jibu. Na waliokuwa wakinong'ona jina la yule mama walitazamana, kwa sababu ukimya wetu uliwathibitishia walichokuwa wanakijua tayari.

Tulirudi seminarini na swali la mzee mfukoni. Tulipolitafuta maktabani tulimkuta mtu aliyejikwaa kwenye jiwe hilohilo zaidi ya miaka 250 iliyopita: Benjamin Franklin, Mmarekani, ambaye wengi wetu tunamjua kwa sura yake tu, ile iliyo kwenye noti ya dola 100.

Alizaliwa Boston tarehe 17 Januari 1706, wakati Marekani bado ni makoloni ya Mwingereza. Baba yake, Josiah, alioa mara mbili akapata watoto 17, na Benjamin alikuwa wa kumi na tano, tena wa mwisho kati ya wavulana. Baba huyo alikusudia kumtoa mtoto huyu kwa kanisa lao la Kiprotestanti kama zaka ya wanawe. Akampeleka shule, lakini gharama zikamshinda, na baada ya miaka miwili hivi masomo yakaisha. Sisi tunaosoma kwa michango ya jumuiya ndogo ndogo tumeisoma sehemu hiyo polepole.

Kazi ya Josiah ilikuwa kutengeneza mishumaa na sabuni kwa mafuta ya wanyama. Akiwa na miaka kumi Benjamin alikuwa akikata tambi na kujaza mafuta kwenye kalibu, na kazi hiyo hakuipenda kabisa. Hata hivyo alikulia karibu na moto wa kawaida, na moto ndio wa kuuelewa kwanza.

Mshumaa unapowaka, utambi unavuta mafuta yaliyoyeyuka, joto linayageuza kuwa mvuke, na mvuke huo unaungana na oksijeni ya hewani. Muungano huo ndio moto. Moto si kitu kinachokaa ndani ya kuni kikisubiri kutoka, ni tendo la kikemia linaloendelea maadamu kuna kitu cha kuungua, hewa na joto la kutosha. Ondoa kimojawapo, umezimika. Rangi ya manjano tunayoiona altareni ni chembe ndogo sana za masizi zinazong'aa kwa joto kabla hazijaungua zenyewe.

Babu zetu wa Ufipa walilijua jambo hili kwa mikono. Matanuru yao ya kuyeyusha mawe ya chuma, malungu, yalijengwa kwa udongo marefu kuliko mtu, na chini yalizungushiwa matundu yenye mirija ya udongo. Hayakuvukutwa. Hewa ya moto ilipopanda juu ilivuta hewa mpya kupitia matundu yale, na urefu wa tanuru ukafanya kazi ya mivukuto. Hivyo mkaa uliwaka mpaka kupita nyuzi joto 1,100. Kilichotoka kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Ukipita Nkasi bado utaona mabaki ya malungu na mavi ya chuma yaliyotapakaa chini. Tunayataja kwa sababu kijijini tuliongea juu ya moto mbele ya wajukuu wa watu hao kana kwamba hawajui moto ni nini.

Turudi kwa Benjamin. Akiwa na miaka 12 alikabidhiwa kwa kaka yake James ajifunze uchapaji. Hawakupatana, na mwaka 1723, akiwa na miaka 17, alitoroka na kufika Philadelphia bila fedha ya maana. Huko akawa mchapaji wa magazeti na kalenda zilizosomwa sana. Mwaka 1731 alianzisha na wenzake maktaba ya kuazimana vitabu, na mwaka 1736 kikosi cha kujitolea cha kuzima moto, maana nyumba za mji zilikuwa zinateketea. Mwaka 1748, akiwa na miaka 42, alikuwa na mali ya kutosha kuacha kazi ya mikono na kufuata kilichomsumbua akili.

Kilikuwa ni umeme. Siku hizo umeme ulikuwa mchezo wa sebuleni: unasugua bomba la kioo kwa kitambaa, unapata cheche. Rafiki yake wa London, Peter Collinson, alimpelekea bomba la namna hiyo, na Franklin akazama humo. Akagundua kwamba umeme hautengenezwi kwa kusugua, bali unahamishwa, upande mmoja ukizidi na mwingine ukipungua. Majina chanya na hasi tunayoyasoma kwenye betri za redio ni yake. Alipata pia fedheha. Siku mbili kabla ya Noeli ya 1750, akijaribu kumuua bata mzinga kwa umeme mbele ya wageni, alijipiga mwenyewe akapoteza fahamu kwa muda. Bata akapona.

Mwaka 1749 alikuwa ameandika orodha ya mambo ambayo cheche na radi zinafanana: mwanga, rangi yake, mwendo wa kupindapinda, kasi, kupita kwenye chuma, mlio, kupasua, kuua wanyama, kuyeyusha madini, kuwasha vitu, na harufu kama ya kiberiti. Sisi Waswahili hapo tunaweza kutabasamu kidogo. Lugha yetu inatumia neno moja, umeme, kwa kinachomulika mawinguni na kwa kile tunacholipia TANESCO. Alichohitaji Franklin kukithibitisha kwa hatari ya maisha sisi tunakitamka kila siku bila kukifikiria.

Alipendekeza jaribio: simamisha fimbo ndefu ya chuma yenye ncha, isiyogusa ardhi, wingu likipita uone kama itatoa cheche. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1751, na Wafaransa ndio waliowahi kulijaribu. Tarehe 10 Mei 1752, katika kijiji cha Marly-la-Ville, fimbo ilikuwa imesimama lakini bwana aliyeiandaa, Dalibard, hakuwepo. Alikuwepo mlinzi wake, askari mstaafu aitwaye Coiffier. Alipopata cheche ya kwanza akatuma aitwe paroko, Padri Raulet. Paroko akatoka mbio katika mvua ya mawe, na wanaparokia walipomwona anakimbia wakadhani Coiffier amekufa na padri anakwenda kumhudumia, wakamfuata. Padri huyo aliitoa cheche kwa mkono wake mara kadhaa, akaumia mkononi, na waliokutana naye baadaye wakasikia harufu ya kiberiti mwilini mwake. Sisi tunamheshimu sana Padri Raulet. Aliitwa kwenye radi kama padri, na alipofika akafanya pia kazi ya shahidi mwaminifu: aliandika alichokiona.

Mwezi uliofuata, kabla habari za Ufaransa hazijamfikia, Franklin alirusha tiara yake maarufu akiwa na mwanawe William. Picha za vitabuni huonyesha radi ikipiga tiara. Haikuwa hivyo, ingekuwa hivyo asingeishi. Tiara ililowa, uzi ukapitisha chaji ya wingu mpaka kwenye ufunguo, na kidole chake kikapokea cheche ndogo. Asijaribu mtu. Mwaka uliofuata, huko St. Petersburg, Profesa Georg Richmann aliuawa na radi akiwa mbele ya fimbo ya namna hiyo ndani ya nyumba yake.

Kutokana na majaribio hayo Franklin alitoa kinga ya radi, akaieleza katika kalenda yake ya mwaka 1753 ili mtu yeyote aitengeneze: fimbo ya chuma inayopita kilele cha nyumba kwa mita mbili hivi, ncha kali juu, na mwisho wa chini umefukiwa kama mita moja katika udongo wenye unyevu. Hakudai hata senti ya hakimiliki. Yeye alidhani ncha ile italinyonya wingu kimyakimya kabla halijapiga. Hapo alikosea. Fimbo haizuii radi, inaipa njia nyepesi ya kwenda ardhini bila kupitia ukuta, paa au mtu.

Makanisa yalihitaji kinga hiyo kuliko nyumba yoyote. Ulaya ilikuwa na desturi ya kupiga kengele wakati wa dhoruba, na baadhi ya kengele zilichongwa maneno ya Kilatini ya kudai kwamba zinavunja radi. Basi mtu alisimama chini ya jengo refu kuliko yote kijijini, ameshika kamba iliyolowa, na wapiga kengele wakafa. Mnara wa Mtakatifu Marko kule Venice ulipigwa mara nyingi mpaka ulipofungwa kinga mwaka 1776. Mapadri wengine hawakungoja hivyo. Padri Prokop Diviš, Mpremonstratensi aliyewahi kufundisha falsafa kabla ya kuwa paroko, alisimamisha mtambo wake wa hali ya hewa huko Přímětice, Moravia, mwaka 1754. Baada ya miaka michache ukame ulikuja, wakulima wakaulaumu mtambo wa paroko kwamba umezuia mvua, wakaubomoa. Tuliposoma hayo tulimkumbuka mjane wa kigango chetu. Mkulima wa Moravia na wa Ufipa wanapopata hasara wanatafuta mtu wa karibu.

Sasa swali la mzee. Franklin naye alisikia visa vilivyomchanganya: radi iliyoyeyusha upanga na kuiacha ala yake nzima, fedha zilizoyeyuka na mfuko usiungue. Akafikiri kwamba radi inayeyusha chuma kwa ubaridi, kwamba inapita katikati ya chembe za chuma na kuziachanisha bila joto. Aliandika hivyo, watu wakamwamini kwa sababu ya jina lake. Halafu mwaka 1761 Ebenezer Kinnersley, mhubiri wa Kibaptisti na mshirika wake wa zamani katika majaribio, alimwandikia kwamba amepitisha umeme katika waya mwembamba na waya umekuwa mwekundu kwa joto. Hakukuwa na ubaridi wowote. Franklin, wakati huo akiwa London na sifa zake zimejaa Ulaya, alijibu mwaka 1762 akikiri kwamba alikosea, na kwamba aliamini visa vya kusimuliwa bila kuvipima. Kwa maoni yetu barua hiyo inastahili picha vitabuni kuliko tiara.

Tunavyojua leo, kosa lake lilikuwa nusu tu. Ndani ya wingu chembe za barafu zinagongana na kuachanisha chaji. Zikizidi, hewa inashindwa kuzizuia, na mkondo unapita, mara nyingi wa ampea elfu 30 hivi. Njia yake ni nyembamba, na hewa iliyomo inapata joto la nyuzi karibu 30,000, mara tano ya uso wa jua. Inatanuka ghafla, na huo ndio mngurumo. Lakini kila pigo linakwisha kabla ya sehemu ya elfu moja ya sekunde. Ukipitisha kidole haraka katika ndimi ya mshumaa hakiungui. Tulifanya hivyo sakristia tulipokuwa watumishi wa altare, tukakemewa. Hali ni ileile: joto ni kali, muda hautoshi. Waya mwembamba unayeyuka kwa sababu mkondo wote unapita ndani yake, ala iliyo pembeni haipati wakati wa kuungua. Na radi nyingine huchelewa kidogo, mkondo wake ukiendelea baada ya pigo. Hiyo ndiyo inayochoma nyumba.

Kwa hiyo radi si moto. Haihitaji kuni wala oksijeni, hakuna kitu kinachoungua ndani yake, na mvua haiizimi. Inaweza kuwasha moto, kama njiti ya kiberiti inavyowasha nyumba bila kuwa nyumba. Inaua kwa kusimamisha moyo au pumzi, si lazima kwa kuunguza. Hata si lazima imguse mtu. Ikipiga mti, mkondo unatambaa ardhini na kupanda mguu mmoja na kushuka mwingine. Ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali, hufa kirahisi zaidi.

Kile kinachong'aa katika njia ya radi Franklin hakukijua. Joto likizidi sana, au umeme ukiwa na nguvu ya kutosha, atomu za gesi zinanyang'anywa elektroni zake, na gesi iliyokuwa haipitishi umeme inaupitisha vizuri. Hali hiyo Irving Langmuir aliipa jina plazima mwaka 1928, jina lilelile la majimaji ya damu. Plazima ni hali ya maada, kama maji kuwa barafu au mvuke. Moto ni tendo, radi ni tukio, plazima ni hali. Jua na nyota ni plazima. Gesi inayowaka ndani ya taa ndefu za tyubu ni plazima, na mwanga ule mkali wa fundi wa kuchomelea mageti pale mjini Sumbawanga ni plazima pia, radi ndogo aliyoishika kwa koleo. Ndimi ya mshumaa ina elektroni chache mno zilizojitenga kuitwa hivyo kwa haki.

Maisha ya Franklin baada ya hapo ni historia ya Marekani, na tutayapita haraka. Alikuwa miongoni mwa walioandaa na kutia sahihi Tangazo la Uhuru la 1776. Mwaka huohuo alisafiri kwenda Kanada pamoja na John Carroll, padri wa Shirika la Yesu lililokuwa limevunjwa, naye akamhudumia mzee huyo njiani alipokuwa dhaifu. Miaka minane baadaye, Franklin akiwa balozi Ufaransa, Balozi wa Papa alimtaka maoni juu ya nani awaongoze Wakatoliki wa Marekani. Akamtaja Carroll, ambaye mwaka 1784 akawa mkuu wa misioni na baadaye askofu wa kwanza wa nchi hiyo. Yeye mwenyewe hakuwa Mkatoliki, na juu ya umungu wa Kristo alikuwa na mashaka mpaka uzeeni. Alimiliki watumwa kwa miaka mingi, gazeti lake likatangaza minada yao. Uzeeni akawa rais wa chama cha kupinga utumwa, na mapema mwaka 1790 chama hicho kikapeleka ombi kwa Kongresi chini ya sahihi yake. William, yule aliyeshika tiara naye, alibaki upande wa Mfalme wa Uingereza, na baba yake hakumsamehe kikamilifu. Franklin alifariki Philadelphia tarehe 17 Aprili 1790, akiwa na miaka 84.

Likizo iliyofuata tulimtembelea mzee. Tulichukua mshumaa, tukapitisha vidole, naye akapitisha chake, tukazungumza mpaka giza. Alitaka kujua mambo mawili: waya wa shaba wa kutosha kanisa la kigango unauzwa shilingi ngapi, na kama eathi itashika pale kilimani ambapo chini ni mwamba na udongo unakauka kuanzia Juni. Fundi umeme tuliyemuuliza mjini alisema kwenye mwamba fimbo moja haitoshi, itabidi kuchimba mtaro mrefu kuelekea bondeni penye unyevu. Kamati ya kigango imeanza kuchanga.

Yule mama mjane hatukumkuta. Alihamia kwa binti yake, kijiji cha mbali, kabla ya Kwaresima. Mlango wake umefungwa kwa kamba, na shamba lake mwaka huu halikulimwa.